Kiti cha Motokaa na Mgongo wa Aketiye

Leo twataka kusema habari za kitu ambacho watu wengi hukikalia bila kukifikiri, nacho ni kiti cha motokaa. Historia ya motokaa imekwisha kuandikwa mara nyingi, nayo husimulia sana habari za mashine, za magurudumu na za mwendo. Habari za kiti huachwa, kana kwamba msafiri hana mgongo.

Sisi tulianza kuyafikiri mambo haya siku ile tulipokwenda chuo cha ualimu kwa mara ya kwanza. Tulisafiri siku mbili kwa lori, na kwa bahati tulipewa nafasi mbele, karibu na dereva. Wenzetu waliokaa nyuma, juu ya magunia ya mahindi, walituonea wivu. Walakini ilipopata saa nane ya mchana sisi ndio tuliowaonea wao wivu. Ngozi ya kiti kile ilikuwa imepasuka, springi moja ilikuwa imetoboa ikachungulia nje, na pale palipokuwa pazima palikuwa pamebonyea kama bakuli. Tulizama humo hata magoti yetu yakawa juu kuliko nyonga. Jua lilipokuchwa hatukuweza kushuka ila kwa kushikwa mkono, hali tulikuwa vijana wenye nguvu.

Dereva alikuwa mtu mzima mwenye mvi. Yeye alishuka upesi, akajinyosha, akaenda kutazama magurudumu yake. Ndipo tulipoona ya kuwa penye kiegemeo cha kiti chake, mahali pa kiuno, alikuwa amefunga kwa kamba gunia la katani lililokunjwa mara nyingi. Tulidhani ni gunia la kufutia mikono. Tulipomwuliza alicheka, akasema, “Mwanangu, aliyetengeneza kiti hiki hakukikalia. Mimi nakikalia mwaka wa kumi na tano huu.”

Hatukuyatia maneno yale moyoni wakati ule. Lakini miaka ilipopita, tukaja kusoma habari za mafundi na waganga waliohangaika na jambo hili, tuliona ya kuwa dereva yule alikuwa ameieleza historia yote kwa sentensi moja. Kwa muda mrefu sana kiti cha motokaa kilitengenezwa kwa ajili ya jicho la mnunuzi, na kwa ajili ya mkono wake ukibonyeza dukani. Mgongo wa mtu atakayekaa juu yake mchana kutwa haukuulizwa.

Wala jambo hili halikuanza na motokaa. Hapa pwani yetu, katika Lamu na Unguja na miji mingine ya Waswahili, kilikuwako kiti cha enzi, cha mti mweusi, kirefu, chenye kusukwa kwa uzi na kutiwa mapambo ya pembe. Kiti hicho kiliwekwa kwa ajili ya mkubwa au mgeni wa heshima. Mgongo wake umenyoka kama ukuta. Aketiye humo huketi apate kuonekana; akitaka kupumzika, sharti ainuke akatafute kitanda. Hatusemi kwa kulaumu, maana kazi ya kiti kile ilikuwa heshima, nayo kiliifanya vema. Twasema tu kwamba viti vingi duniani vimetengenezwa kwa nia hiyo hiyo, ijapokuwa wauzaji wake husema ni vya raha.

Sasa twende Ulaya, maana ndiko motokaa ilikozaliwa, na kiti chake ni mtoto wa kiti cha gari la farasi. Magari ya farasi ya kale yalikuwa kama sanduku kubwa lililotungikwa kwa mikanda ya ngozi. Yalining’inia na kuyumba hata abiria wengine walichafukwa na moyo kama watu waliomo chomboni. Mwaka 1804 fundi mmoja wa magari, Obadiah Elliott wa Lambeth, London, alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake wa springi za pua. Zilikuwa vipande vyembamba vilivyopangwa kimoja juu ya kimoja na kupindwa, mfano wa pinde mbili zinazotazamana. Sanduku likakaa juu ya springi hizo badala ya kuning’inia, na gari likawa jepesi tena tulivu zaidi. Katika Vienna, mwaka 1822, Georg Junigl naye alipata hati kama hiyo kwa ajili ya viti vya nyumbani vilivyotiwa springi za chuma ndani yake.

Juu ya springi mafundi waliweka singa za farasi, yaani nywele ndefu za mkia na za shingo. Kazi yake yastahili kusimuliwa, kwa kuwa ilikuwa kazi ya akili. Singa zilisokotwa zikawa kamba, kamba zikachemshwa, zikakaushwa, kisha zikafumuliwa. Zilipofumuliwa kila unywele ulibaki umejikunja kama springi ndogo, hata zikirundikwa pamoja huinuka tena kila zibonyezwapo, na hewa hupita katikati. Juu ya singa fundi alitandika kitambaa, na juu ya kitambaa ngozi, akaivuta ndani kwa vifungo ili ifanye mashimo na vilima vya kupendeza macho. Kiti kama hicho kilikuwa kizuri kweli. Lakini kilikuwa kiti cha kwenda kuamkia jamaa saa ya alasiri, farasi wakienda mwendo wa taratibu.

Carl Benz alipopata hati ya motokaa yake ya magurudumu matatu, mwaka 1886, huko Mannheim, Ujerumani, hakubuni kiti kipya. Aliweka juu ya mashine kiti cha gari la farasi. Mwezi wa Agosti 1888 mkewe, Bertha Benz, aliwachukua wanawe wawili, Eugen na Richard, akaendesha motokaa ile mpaka Pforzheim, safari ya zaidi ya kilomita 100, bila kumwambia mumewe. Ilikuwa safari ndefu ya kwanza ya motokaa. Husimuliwa jinsi alivyozibua bomba la mafuta kwa pini ya kofia yake, na jinsi alivyomwambia fundi wa viatu apigilie ngozi kwenye breki. Katika masimulizi hayo hatukupata neno juu ya mgongo wake. Magurudumu yalikuwa na mpira mgumu usio na hewa, na njia ilikuwa ya magari ya farasi. Mwaka ule ule, katika Belfast, mganga wa wanyama jina lake John Boyd Dunlop alipata hati ya mpira wa gurudumu uliojazwa hewa. Twaweza kusema bila kosa kwamba mpira huo uliwasaidia waketio kuliko kiti chochote kilichobuniwa katika miaka ile.

Baada ya hayo ikaja motokaa ya watu wengi, Ford ya namna iliyoitwa T, iliyoanza kuuzwa mwaka 1908 ikaendelea mpaka 1927, na zaidi ya 15,000,000 zilitengenezwa. Katika nyingi za motokaa hizo tangi la petroli lilikuwa chini ya kiti cha mbele. Dereva akitaka kujaza petroli sharti ashuke, na wenziwe washuke, auinue mto wa kiti, kisha atumbukize kijiti kupima kiasi kilichobaki. Kiti kilikuwa kifuniko cha tangi! Tena kilifungwa mahali pamoja tu. Hakikwenda mbele wala nyuma. Mtu mrefu alikunja magoti, na mtu mfupi alikaa ukingoni ili miguu yake ifike kwenye vikanyagio. Baadaye kiti kiliwekwa juu ya reli ndogo kipate kusogezwa, na jambo hilo, dogo kama lilivyo, lilikuwa mara ya kwanza kwa kiti kukubali kwamba watu hawalingani.

Basi kwa nini mafundi, ambao walijua kutengeneza mashine za ajabu, walishindwa na kiti? Hawakushindwa. Walikuwa wakijibu swali jingine. Mnunuzi aliingia dukani, akabonyeza mto kwa kiganja, akakaa kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa, akasema, “Laini kweli!” Kwa hiyo kila kampuni ikashindania ulaini. Lakini mtu hamjui mgeni wake kwa dakika mbili. Na kiti kilicho laini dakika ya pili huweza kuwa adui saa ya tatu.

Sababu yake ni hii. Uti wa mgongo haukunyoka kama mti wa bendera. Tukisimama, pale kiunoni, penye pingili tano kubwa, mgongo huingia ndani kidogo, kisha hutokeza tena mabegani. Katikati ya pingili mna visahani vya gegedu, vyenye ute mzito ndani, navyo huzizuia pingili zisisagane. Mtu akizama katika kiti laini, matako hushuka, magoti huinuka, nyonga hupinduka kwa nyuma, na ule mviringo wa kiuno hutoweka. Mgongo wote huwa upinde mmoja uliotokeza nyuma. Visahani hubanwa upande wa mbele, na mishipa ya nyuma huvutwa. Motokaa ikiruka shimo, pigo lile hupanda moja kwa moja katika mgongo uliokwisha kupindika. Ndiyo sababu kilichotuumiza sisi katika lori lile si ile springi iliyotoboa. Hiyo ilituchoma tu. Kilichotuumiza ni lile bakuli.

Walakini mafundi waliendelea kutafuta ulaini, na habari hiyo nayo ina utamu wake, maana hapo ndipo nchi zetu zinapoingia. Singa za farasi zilikuwa ghali. Watu wakatafuta vitu vya mimea: sufi ya msufi, katani ya mkonge, na nyuzi za makumbi ya nazi. Mkonge uliletwa katika Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, nayo miche iliyofika hai ilikuwa 62. Kutoka hiyo yakatoka mashamba makubwa ya Tanga. Tukisikia katani, twafikiri kamba na magunia. Lakini katani ilishindiliwa pia ikawa mikeka minene, ikawekwa juu ya springi za viti na magodoro ili zisitoboe. Makumbi nayo, mwayajua: wanawake wa pwani huyafukia katika matope ya ufuo muda wa miezi, huyafukua, huyaponda kwa magongo, wakapata nyuzi. Huko Ulaya nyuzi za makumbi zilipakwa utomvu wa mpira zikawa mito ya viti, na Volkswagen, motokaa ile ndogo yenye mgongo wa mviringo, ilikuwa na viti vya namna hiyo. Mikono iliyoponda makumbi duniani haikuwa mikono ya watu wenye motokaa, wala wakata mkonge hawakwenda shambani kwa motokaa.

Utomvu wa mpira wenyewe uliwahi kuwa kitu kisichofaa, kwa kuwa ulinata wakati wa joto na kupasuka wakati wa baridi, mpaka Charles Goodyear wa Marekani alipogundua, mwaka 1839, jinsi ya kuupika pamoja na kiberiti. Mwaka 1929 wataalamu wa kampuni ya Dunlop, katika Birmingham, waliupiga utomvu kama mpishi apigavyo ute wa mayai, hata ukafura ukawa povu, kisha wakaugandisha. Wakapata mto uliojaa vitundu vya hewa, usio na springi ndani yake. Mwaka 1937 Otto Bayer, huko Leverkusen, Ujerumani, alitengeneza kitu kipya kiitwacho poliyurethani. Mapovu yalipotokea ndani yake yalihesabiwa kuwa kasoro, na yasimuliwa kwamba mkaguzi mmoja alidhihaki akasema kitu hicho chafaa labda kuigiza jibini yenye matundu. Kasoro hiyo ndiyo sponji ambayo, tangu miaka ya 1950, imejazwa katika viti vya motokaa karibu zote za dunia, na katika magodoro tunayoyalalia.

Katikati ya mashindano hayo ya ulaini, kiti kimoja chatupendeza kuliko vingine, nacho kilikuwa cha motokaa ya watu maskini. Kampuni ya Citroën ya Ufaransa ilitaka motokaa ya mkulima, ya kuchukua watu na viazi kwenda sokoni, na ya kupita juu ya shamba lililolimwa bila kuvunja mayai yaliyomo kikapuni. Ilionyeshwa Paris mwaka 1948, ikaitwa 2CV. Kiti chake kilikuwa mabomba mepesi ya chuma, kitambaa, na mipira ya kuvutika iliyokazwa chini yake. Hakikuwa na kitu kingine. Watu wa mjini walikicheka. Lakini mtu wa pwani akikitazama hatacheka, kwa maana atakitambua: ni ndugu wa kitanda cha kamba. Kitanda cha kamba humpokea mtu kwa umbo lake, huachia hewa ipite, na kikilegea hukazwa tena. Viti vya 2CV viliweza hata kutolewa nje, watu wakavikalia chini ya mti wakila chakula chao.

Mwaka huo huo wa 1948 mganga mmoja wa Uswidi, Bengt Åkerblom, alitoa kitabu cha uchunguzi wake juu ya kusimama na kuketi kwa mwanadamu. Alionyesha kwamba kiegemeo sharti kimshike mtu pale kiunoni, si mabegani tu. Hapo swali likageuka. Baada ya kuuliza, “Kiti ni laini kiasi gani?” waganga walianza kuuliza, “Kiti chamshika mtu mahali gani?” Mwaka 1953 J. Jay Keegan, daktari wa Omaha katika Marekani, alitangaza picha za eksirei za watu walioketi namna mbalimbali. Picha zilionyesha wazi kwamba mtu akikaa wima kabisa, mapaja na mgongo vikifanya pembe ya nyuzi 90, mviringo wa kiuno hupungua; akiegemea nyuma kidogo na kushikwa kiunoni, mviringo hurudi. Basi na sisi walimu, tunaowaambia watoto kila siku, “Kaeni wima!” yafaa tuyapime tena maneno yetu.

Miaka ya 1960 Alf Nachemson wa Göteborg, Uswidi, alithubutu jambo kubwa zaidi: aliingiza sindano yenye kipimo ndani ya kisahani cha mgongo wa mtu aliye hai, akapima mbano wake. Aliona ya kuwa mbano huzidi mtu akiketi bila kuegemea kuliko akisimama. Uchunguzi mwingine wa Ujerumani, uliotangazwa mwaka 1999, haukuona tofauti kubwa kama hiyo, kwa hiyo mtu asikimbilie kusema kwamba kuketi ni sumu. Lakini mwaka 1974 Gunnar Andersson na wenzake walipima katika kiti cha dereva hasa, wakaona kwamba kiegemeo kikilazwa nyuma kidogo, na kiuno kikipata kitu cha kukishika, mbano hupungua. Na kila dereva akanyagapo klachi au abadilipo gia, mbano huongezeka. Dereva wa lori katika njia ya milima hufanya hivyo mara zisizo na hesabu kwa siku.

Tena mwaka 1975 Jennifer Kelsey na Robert Hardy, walipochunguza wagonjwa wa Connecticut, Marekani, waliona kwamba wanaume waliotumia nusu ya saa zao za kazi au zaidi katika kuendesha motokaa walikuwa na hatari ya karibu mara tatu ya kupatwa na ugonjwa wa kisahani kilichochomoza. Tuliposoma habari hiyo tuliwakumbuka madereva wengi waliostaafu, ambao twawaona vijijini wakitembea na mkono nyuma. Watu husema, “Ni uzee.” Wengine husema ni pombe, au ni uvivu. Walikuwa wamelipa kwa migongo yao, na hakuna aliyeandika malipo hayo katika daftari.

Kampuni ya Volvo ya Uswidi ilikuwa miongoni mwa zile zilizowasikiliza waganga. Mwaka 1964 iliweka katika motokaa zake viti vya mbele vyenye kishikio cha kiuno kinachoweza kukazwa au kulegezwa kwa kadiri ya mtu. Mwaka 1965 kampuni ya Recaro ya Ujerumani ilionyesha kiti cha kuuzwa peke yake, ili mwenye motokaa aweze kuking’oa cha zamani na kufunga kipya. Kwa malori na matrekta mafundi walibuni kiti kinachosimama juu ya springi zake mwenyewe, au juu ya mfuko wa hewa, kwa kuwa waligundua kwamba kiwiliwili cha aketiye huitikia zaidi mtikisiko wa mara 4 hadi 8 kwa sekunde, na lori huutoa sana mtikisiko wa namna hiyo. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulitoa amri iliyoweka kipimo cha mtikisiko ambacho mfanyakazi asizidishiwe.

Na huku kwetu? Huku kiti kilikuwa na historia yake. Magari yaliyoanza kuchukua abiria Nairobi kwa senti thelathini, yaani mapeni matatu, ambayo ndiyo yaliyozaa jina la matatu, yalikuwa na mabenchi ya mbao nyuma. Leo yapo mabasi mazuri, lakini motokaa nyingi hutufikia zikiwa zimekwisha tumiwa miaka kadhaa katika nchi nyingine, Japani hasa. Mashine yake hukaguliwa, rangi hung’arishwa, kiti huvikwa kitambaa kipya. Sponji iliyo chini ya kitambaa imekwisha kuzama kwa umbo la mtu mwingine tusiyemjua. Tena wako wenye magari waongezao safu ya viti ili wapate nauli zaidi, hata magoti ya abiria yakasukuma kiti cha mbele. Hapo hapana la kushauri. Hiyo si kazi ya fundi wala ya mganga, ni kazi ya sheria na ya abiria kukataa.

Lakini kwa mwenye kiti kibaya yako mambo ya kufanya, na jambo la kwanza halina gharama. Madereva wengi hukikuta kiti kilivyoachwa na mwingine, wakakaa hivyo hivyo mwaka mzima. Kisogezwe mpaka mguu ukanyage klachi hata mwisho bila goti kunyoka kabisa na bila mwili kuteleza mbele. Kiegemeo kilazwe nyuma kidogo, si kama mtu aliyelala, wala si kama askari wa gwaride. Kisha itazamwe nafasi iliyo kati ya kiuno na kiegemeo. Mkono ukipita wazi, hapo pataka kujazwa, na taulo iliyokunjwa yatosha. Isiwe nene, ikimsukuma mtu mbele imekuwa kosa jingine. Iwekwe juu kidogo ya mkanda wa suruali, maana wengi huiweka chini mno, wakasema haifai.

Kosa tunaloliona kila siku ni kununua mto mnene na kuuweka juu ya kiti kilichobonyea. Mto huo hulifuata bonde, kwa hiyo bonde hubaki. Tena humwinua dereva, kichwa kikakaribia paa, na mkanda wa kumzuia asitupwe usikae penye mifupa ya nyonga bali ukapanda tumboni, na hilo ni hatari kuliko maumivu. Kiti kilichobonyea sharti kifunguliwe. Chini kuna mipira au springi zilizolegea. Hizo ndizo za kukazwa kwanza, kama kamba za kitanda. Ndipo sponji ibadilishwe, nayo iwe ngumu kuliko mkono upendavyo. Na baada ya hayo yote, kila baada ya saa mbili au karibu nazo mtu ashuke atembee, kwa kuwa kiti kilicho bora kabisa hakiwezi kuzuia ubaya wa kukaa bila kusogea.

Mwaka mmoja, tulipokwisha kupata motokaa yetu wenyewe, nzee, tulikipeleka kiti chake kwa fundi wa makochi aliyekuwa akifanya kazi chini ya mwembe karibu na gereji. Tulidhani atapima kiti. Alikivua kitambaa, akaondoa sponji, akabakiza chuma na mipira, akaweka juu yake kipande cha sponji ngumu ambacho hakijachongwa, akasema, “Mwalimu, kaa.” Tukakaa. Akasema, “Sivyo unavyokaa kwa mgeni. Kaa unavyoendesha.” Tukanyosha mguu kama wenye kukanyaga klachi, mikono mbele, watoto wa jirani wakitucheka. Akatuacha hivyo muda mrefu, akaenda kunoa kisu chake, akarudi, akatazama upande huu na upande huu. Kisha akachukua chaki akapiga mstari kwenye sponji ya kiegemeo, pale kiuno chetu kilipokuwa kikiacha nafasi, akasema, “Sasa shuka, nikate.”